Je, Wajua? Chembe sahani huweza "kupungua" zikiwa ndani ya chupa

Katika majibu ya kipimo cha damu, herufi PLT humaanisha chembe sahani, zile zinazoziba jeraha ili damu ikome kutoka. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu.

Malaria huzishusha. Dengi pia, kama ile iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, huweza kuzipandisha.

Lakini upo upungufu usio wa kweli. Damu ya kipimo hiki hutiwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, ambamo mna EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande. Kwa watu wachache, kemikali hiyo huzishikamanisha chembe sahani mafungumafungu, na mashine ikashindwa kuzihesabu. Mtu mzima wa afya anaandikiwa 40,000 na kuingiwa na hofu bure! Mtaalamu wa maabara huyaona mafungu hayo kwa hadubini. Damu ikichukuliwa upya kwenye chupa yenye sitrati badala ya EDTA, aghalabu hesabu hukaa sawa.

Anayevuja damu kwenye fizi, au aliyetokwa na vidoa vyekundu ngozini, asisubiri kipimo cha marudio: awahishwe hospitali.