Baiskeli ya msimu wa mvua: Tazama fremu kwanza, rangi baadaye

JE, wewe ni miongoni mwa wale wanaoendesha baiskeli kwa bidii Januari na Februari, kisha mvua ya masika inapoanza Machi wanaiegemeza ukutani hadi Juni? Na Julai nayo inapofika, ukungu wa Limuru na baridi ya Nairobi vinakupa kisingizio kingine cha kubaki kitandani. Ukihesabu vyema utaona kwamba karibu nusu ya mwaka mwili wako haupati mazoezi, na shinikizo la damu lililokuwa limeanza kushuka linapanda tena.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Halikusema wiki za jua pekee. Isitoshe, kulowa mvua hakuleti mafua. Mafua huletwa na virusi. Mkoti mwepesi, glavu na nguo kavu za kubadilisha zitakutosha.

Hata hivyo, kuna woga mmoja ambao si wa kudharauliwa, nao ni wa kubana breki barabara ikiwa imelowa halafu baiskeli isisimame. Ikiwa uliwahi kuendesha Black Mamba, unajua ninalozungumzia. Raba zake hukamata rimu ya chuma iliyopakwa kromu, na rimu hiyo ikilowa raba huteleza tu. Rimu za alumini ni afadhali, lakini hizo pia huhitaji kuzunguka kwanza ili raba zifute maji ndipo zishike. Wakati huo wewe unaendelea kwenda. Zaidi ya hayo, matope yenye mchanga hunasa kwenye raba na kuikwangua rimu polepole mpaka inakuwa nyembamba.

Breki za diski hufanya kazi mahali pengine. Sahani ndogo ya chuma hufungwa katikati ya gurudumu, mbali na matope, na pedi huibana hiyo badala ya rimu. Kwenye mvua hushika mapema na kwa nguvu unayoweza kuipima kwa kidole kimoja au viwili. Ndiyo sababu waendeshaji wengi wa Ulaya, ambao huweka baiskeli ya pili kwa ajili ya majira ya baridi tu, sasa huitaka iwe ya diski. Sisi hatuna theluji, lakini matope tunayo.

Si kila mtu anayezisifu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kunolewa na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda mashindano ya Tour de France mara nne (2013, 2015, 2016 na 2017) akitumia breki za kukamata rimu. Mwaka wa 2021, baada ya kuhamia timu iliyotumia diski, alilalamika hadharani kwamba diski hupata moto kwenye miteremko mirefu, hupinda kidogo na kuanza kugusa pedi. Ni kweli hutokea. Lakini Froome alikuwa na gari la mafundi nyuma yake. Wewe ukiteremka kuelekea Mai Mahiu, kilicho nyuma yako ni lori. Kwa mtu wa mazoezi ya kawaida wakati wa mvua, mimi ningechagua diski bila kusita.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Wanadhani watanunua baiskeli yoyote ya bei nafuu, kisha wamwombe fundi aifunge diski baadaye. Haiwezekani ikiwa fremu na uma wa mbele havikutengenezwa na mahali pa kufungia breki hizo. Na fundi akikwambia atachomelea vishikio, mshukuru na uondoke. Joto la kuchomelea hudhoofisha paipu, na diski hukaza uma upande mmoja kwa nguvu ambayo uma wa kawaida haukuandaliwa kuibeba. Uma ukikatika unapobana breki, utaangukia uso. Kwa hivyo uamuzi wa breki hufanywa siku ya kuchagua fremu.

Lakini fremu yenye breki nzuri isiyokutosha itakuumiza vilevile. Nazungumza kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua fremu kubwa ya mtumba kwa sababu ilikuwa rahisi na muuzaji aliapa kwamba "utaizoea." Sikuizoea. Baada ya wiki sita kiuno kilikuwa kikiuma, na vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikufa ganzi. Mtaalamu wa tiba ya viungo aliniuliza swali moja tu: je, mikono yako imenyooka kabisa unaposhika usukani? Ilikuwa imenyooka. Nilikuwa nimelala juu ya baiskeli, uzito wote ukikandamiza mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja.

Pima hivi. Simama bila viatu, mgongo ukutani, na mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye msamba. Zidisha kipimo hicho kwa 0.883. Mtu wa sentimita 80 atapata takriban 70.6, na huo ndio urefu wa kuanzia kutoka katikati ya ekseli inayozungushwa na mikono ya pedali (si ekseli ya pedali yenyewe) hadi juu ya kiti. Njia ya mkato ni kukaa na kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa; mguu uwe umenyooka. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litakunjika kidogo kama inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, maumivu huja mbele ya goti, karibu na pia. Kikiwa juu mno, huja nyuma ya goti.

Wauzaji watakuambia usimame juu ya paipu ya juu uone kama kuna nafasi. Fanya hivyo, ila usiishie hapo, maana fremu nyingi za sasa zina paipu iliyoinama na karibu kila mtu anaweza kusimama juu yake. Kiti hupandishwa na kushushwa. Urefu wa fremu kutoka kitini hadi kwenye usukani hauna dawa rahisi. Keti, shika usukani, na viwiko vyako viwe vimelegea. Kama havilegei, fremu hiyo ni ya mtu mwingine.

Aidha, angalia nafasi iliyo kati ya tairi na fremu. Tairi la milimita 32 liingie, madigadi yawekwe juu yake, na bado pabaki mahali pa tope kupita. Matundu ya kufungia madigadi yawepo; maji ya barabarani yanayorushwa mgongoni ndiyo hukutia baridi zaidi kuliko mvua yenyewe. Ukipata fremu inayotumia ekseli nene ya milimita 12, ni bora, kwani gurudumu hurudi pale pale kila unapolitoa na diski haigusi pedi.

Kuhusu mtumba kutoka Ulaya, toa nguzo ya kiti na umulike ndani kwa tochi. Kutu ikidondoka kwenye fremu ya chuma, achana nayo. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini chunguza nyufa kwenye maungio. Kaboni iliyoanguka inaweza kuwa imepasuka mahali usipoona, na kwa hiyo mimi siinunui bila kuijua historia yake.

Ukishaipata, usikimbilie mteremko siku hiyo hiyo. Pedi mpya hazishiki vizuri. Tafuta barabara tambarare, ongeza mwendo wa wastani, bana breki mpaka karibu usimame, na urudie takriban mara 20. Usiguse diski mara tu baada ya hapo, kwani itakuunguza, na unapopaka cheni mafuta weka kitambaa juu ya diski. Tone moja likiingia kwenye pedi, utalazimika kununua nyingine.