Umeme Usiopata Njia ya Kurudi

Wasikilizaji wetu, hapana shaka wengi wenu mmepata kuona Land Rover kuukuu ya dizeli ikisukumwa na watu asubuhi, mwenyewe amekaa ndani ameshika usukani, akiwasihi waongeze nguvu. Gari hushika mteremko, huguruma, moshi mweusi hutoka, na wasukumaji hurudi wakipangusa jasho na kusema, "Betri imekufa." Leo twataka kueleza ya kuwa mara nyingi betri husingiziwa.

Tulipata kumjua mzee mmoja ambaye gari lake ndilo lililochukua wagonjwa wa kijiji chake kwenda hospitali. Stata ilipoanza kulia "tik" bila kuzunguka, aliuza mtamba akanunua betri mpya. Baada ya siku chache tabia ikawa ile ile. Akakopa fedha, akanunua ya pili. Hali haikubadilika, na usiku mmoja mgonjwa alingoja hata watu wakaamshwa kuja kusukuma. Ubovu ulikuwa katika waya mmoja mnene, usiozidi urefu wa mkono, uliounganisha injini na chasisi. Ncha yake moja ilikuwa imeliwa na kutu.

Ili mfahamu jambo hilo, kumbukeni kwanza ya kuwa injini ya dizeli haina cheche. Huishindilia hewa ndani ya silinda mpaka iwe moto sana, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Basi Land Rover za dizeli za zamani, zile zinazozimwa kwa kuvuta kamba ya chuma, zikishawaka huendelea kwenda bila kuutegemea umeme. Ndiyo maana zikisukumwa hukubali. Kazi kubwa ya umeme ni kuzipasha moto plagi zake na kuizungusha injini mara ya kwanza, na kazi hiyo ni nzito mno. Taa ya mbele ya wati 60 hutumia ampea 5 tu, lakini stata hutaka mamia ya ampea kwa nukta chache.

Tena umeme hauendi tu. Sharti urudi betrini ulikotoka. Katika motokaa, waya mmoja huupeleka kwenye taa au stata, na njia ya kurudi ni chuma cha gari lenyewe. Njia hiyo mafundi huiita ethi. Kwa kuwa haionekani kama waya, watu huisahau.

Land Rover ina ugonjwa wake wa asili katika jambo hili. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, chuma cha feleji kilikuwa adimu Uingereza kwa sababu ya vita iliyopita, basi bodi ikatengenezwa kwa alumini na chasisi kwa feleji. Zile za dizeli, zilizoanza mwaka 1957, zilifuata mtindo uo huo. Sasa, metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa pole pole, na hutoka unga mweupe. Bodi haiozi kwa kutu, na wenye magari hayo hujisifu kwa hilo, lakini unga ule huuzuia umeme kupita.

Dalili zake huchekesha. Dereva huwasha taa ya kuonyesha kona, na taa ya breki humetameta pamoja nayo. Ni kwamba umeme, ukikosa njia yake, hupenya katika balbu ya jirani kutafuta nyingine. Lakini waya mnene wa injini ukikatika, jambo si la kuchekesha tena: umeme wote wa stata huweza kurudi kwa kupitia ile kamba ya kuzimia injini, ikapata moto hata gamba lake likatoa moshi.

Kabla ya kununua kitu, azimeni mita ya volti. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama 12.6, injini ikiwaka na chaji ikiingia, kama 14. Kisha wekeni ncha moja ya mita juu ya kichwa cha betri kilichofungwa kwenye chuma cha gari, na ya pili juu ya chuma kitupu cha injini, mtu mwingine akizungusha stata. Mita isipite nusu ya volti. Ikionyesha 2 au 3, njia ya kurudi imeharibika. Asiye na mita aunganishe pointi hizo mbili kwa waya mnene wa kuazimia chaji, na stata ikizunguka kwa nguvu, amekwisha kuupata ugonjwa.

Tiba haina gharama. Anzeni kwa kuufungua waya wa ethi wa betri, na kuurudisha uwe wa mwisho, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche. Sugueni kila kiungo kwa msasa mpaka metali ing'ae, kazeni nati, pakeni grisi juu yake. Taa za nyuma zipelekeeni waya wao wenyewe hadi chasisi, msiiamini bodi. Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilifungwa kinyume, upande wa chanya ndio ulio kwenye chuma, tazameni kwanza.

Lakini fyuzi ikikatika kila mara, hiyo ni habari nyingine: waya umechunika na kugusa chuma, aghalabu unaposuguana na chasisi. Msiweke karatasi ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi, kwani waya wenyewe ndio utakaoungua. Chomoeni balbu zote za njia hiyo, kisha fungeni balbu moja mahali pa fyuzi. Itawaka sana muda wote waya unapogusa chuma. Mwingine na autikise waya pole pole, kipande kwa kipande, toka mbele hata nyuma. Pale balbu inapozimika, hapo ndipo waya ulipochunika.