Harusi Iliyozua Maswali

Bwana harusi ametembea na wanawake wengi tangu wakiwa wachumba. Bibi harusi aliteleza usiku mmoja tu, miaka mingi iliyopita. Sasa ndoa imekaribia, na siri ya bibi harusi imefichuka. Je, nani kati yao anapaswa kuomba msamaha?

Swali hilo limo katika sinema ya Marekani iitwayo The Best Man, yaani msimamizi wa bwana harusi, iliyotoka Oktoba 1999. Ni sinema ya mapenzi na ya kuchekesha. Wahakiki wengi waliipokea vizuri. Tuangalie walisifu nini, na ni jambo gani bado linafaa kuzungumzwa nyumbani.

Kisa chenyewe

Harper, mwandishi kijana wa Chicago, yuko karibu kutoa riwaya yake ya kwanza. Anakwenda New York kumsimamia rafiki yake Lance, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani, anayemwoa Mia. Huko anakutana na marafiki zake wa chuo. Yupo Jordan, mwanamke anayefanya kazi ya televisheni. Yupo Quentin, mwenye ulimi mkali. Yupo pia Murch, kijana mpole anayetawaliwa na mchumba wake Shelby.

Shida ni kwamba riwaya ya Harper inafanana mno na maisha yao. Jordan amepata nakala mapema, na nakala hiyo inapita mkono kwa mkono. Mwishowe inamfikia Lance. Akisoma, anatambua kwamba zamani Mia alilala na Harper, yule yule atakayesimama kando yake kanisani.

Walichosifu wahakiki

Ili kuelewa sifa hizo, inafaa kukumbuka sinema zilizotangulia. Mwaka 1991 ilitoka Boyz n the Hood, iliyoonyesha vijana weusi wa Los Angeles wakiuawa mitaani. Ilikuwa kazi nzuri, lakini baada yake zilifuata nyingine nyingi za magenge na bunduki, hata ikawa kana kwamba Mmarekani mweusi hana maisha mengine.

Katika sinema ile ya 1991, Morris Chestnut aliigiza kijana anayepigwa risasi na kufa. Nia Long naye alikuwamo. Miaka 8 baadaye, Chestnut ndiye Lance, amevaa suti ya harusi, na Nia Long ndiye Jordan. Hapa watu wamesoma, wana kazi zao, na ugomvi wao ni juu ya mapenzi, urafiki na ndoto za maisha. Jambo hilo lilisifiwa sana. Terrence Howard, aliyemwigiza Quentin, aliteuliwa kugombea tuzo ya Independent Spirit. Mwaka 2000 chama cha NAACP kiliipa The Best Man tuzo ya sinema bora, na Nia Long akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike.

Watazamaji nao walijitokeza. Malcolm D. Lee alikuwa akiongoza sinema kubwa kwa mara ya kwanza, na gharama zilikuwa kama dola milioni 9. Wikendi ya kwanza tu iliongoza Marekani kwa mapato, na mwishowe ikaingiza kama dola milioni 34 nchini humo.

Mkuki kwa nguruwe

Lakini sifa zisitufumbe macho. Mzazi ajue kwamba sinema hii ina lugha chafu na karamu ya wanaume yenye wanawake wanaovua nguo. Si ya watoto. Shelby naye amechorwa kama mwanamke mgomvi tu, wa kuchekwa.

Lililo zito zaidi ni mizani ya Lance. Yeye humtaja Mungu mara kwa mara, naye amekosa uaminifu mara nyingi. Mambo yake anayaona ni ya ujana. Kosa moja la Mia analiona kama mwisho wa dunia. Anampiga Harper, na nusura avunje harusi. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hata hivyo, Lance anapomwona Mia akiingia kanisani, anabubujikwa na machozi, na harusi inafungwa. Onyesho hilo linakumbukwa sana. Mwanamume mwenye nguvu analia mbele ya watu, na hakuna anayemcheka. Ila Mia mwenyewe anapewa nafasi ndogo mno ya kusema lililokuwa moyoni mwake. Tunaona uchungu wa aliyekosewa mara moja, lakini uchungu wa aliyekosewa mara nyingi umeachwa pembeni.

Kipimo cha rangi

Mwaka 2013 ilitoka sinema ya pili, The Best Man Holiday, marafiki wale wale wakikutana wakati wa Krismasi. Iliingiza kama dola milioni 30 wikendi ya kwanza. Gazeti la USA Today likaandika kichwa cha habari kilichoiweka katika kundi la sinema zinazohusu rangi. Wasomaji wengi walilalamika, na kichwa hicho kikabadilishwa. Walikuwa na haki. Kisa cha ndoa, ugonjwa na urafiki hakigeuki kuwa kisa cha rangi kwa sababu tu waigizaji ni weusi. Mwaka 2022 wahusika hao walirudi tena, katika tamthilia ya televisheni.

Dada msomaji, kama wewe na mumeo mtaitazama, msiishie kucheka. Ulizaneni: katika nyumba yetu, je, kosa la mume na kosa la mke hupimwa kwa mizani moja? Na anayedai kusamehewa, je, yeye yuko tayari kusamehe?