Idadi Ileile, Wagonjwa Wengine

Yako maradhi ya tumbo yasiyoacha kidonda wala uvimbe. Mgonjwa husokotwa na tumbo, hufunga choo au huendesha, lakini daktari akipima damu na choo haoni kasoro. Kasoro imo katika utendaji: utumbo husukuma chakula kwa kasi isiyofaa, na neva zake huwa nyepesi mno kuhisi maumivu. Kwa kuwa maradhi haya hayana kipimo cha maabara, huhesabiwa kwa kuwauliza watu maswali.

Katika wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota, Marekani, wakazi wenye umri wa miaka 30 hadi 64 walipelekewa maswali hayo kwa posta, wakaulizwa tena baada ya miezi 12 hadi 20. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992. Kati ya watu 690 waliojibu mara zote mbili, 108 hapo awali walikuwa na msokoto wa tumbo unaoambatana na mabadiliko ya choo.

Mara ya pili idadi ilikaribia kuwa ileile. Je, wagonjwa walikuwa walewale? La hasha! Mwanafunzi na apige hesabu. Katika wale 108, asilimia 38, yaani takriban 41, hawakuhesabika tena kuwa wagonjwa. Katika 582 waliosalia, asilimia 9, yaani takriban 52, walikuwa wamepatwa. Basi 108 toa 41, jumlisha 52, ni 119. Watu 93 walibadili hali, ilhali jumla iliongezeka kwa 11 tu. Ni mfano wa bweni la shule: vitanda hujaa kila mwaka, lakini wanaovilalia hubadilika.

Hata hivyo, kutoka katika hesabu si lazima kuwe kupona. Uchunguzi wa miaka 12 wilayani humo, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa baadhi ya watu huacha tatizo moja la tumbo na kuingia katika jingine. Aidha, mpaka wa ugonjwa huwekwa na wataalamu wenyewe. Masharti yao ya mwaka 2016 ni makali kuliko yale ya 2006, hivyo huhesabu wagonjwa wachache zaidi, hata kama matumbo ya watu hayakubadilika.

Kwa hiyo asilimia isiyobadilika haimhukumu mgonjwa yeyote kuugua maisha yake yote. Atakaye kujua hatima ya wagonjwa hana budi kuwafuata watu walewale, mwaka baada ya mwaka.