Seva na Lugha Zake (5): Faili Linalosomwa Mara Moja

Tangu mwaka 2024, Mahakama ilipoeneza uwasilishaji wa kesi kwa mtandao hadi mahakama zote nchini, nasi wa Siakago tukiwamo, watu huketi saibani wakitazama kiduara kikizunguka kwenye skrini. Lawama zote huangukia mtandao. Wakati mwingine ni seva iliyochoka kungoja, tena kwa kuagizwa. Iliagizwa wapi?

Juma lililopita tulimwacha Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, akiandika vijiprogramu vya kufuatilia waliosoma wasifu wake mtandaoni. Mwaka 1995 alivitoa bure kwa umma, na humo ndimo ilimochipuka lugha ya PHP. Sichoki kuisimulia habari hii: kazi ndogo ya mtu mmoja, iliyogawiwa bila choyo, ikalisha dunia. Zama hizo kila mgeni alipobisha, programu iliamshwa, ikafanya kazi, ikafa. Toleo la 3 la mwaka 1998, kazi ya Andi Gutmans na Zeev Suraski, lilikuwa na faili la mipangilio lililoitwa php3.ini, leo ni php.ini: humo ndimo seva inamoagizwa ingoje hadi lini. PHP ikikaa kama moduli ndani ya Apache, programu ya seva, faili hilo husomwa mara moja tu, seva inapowashwa. Ukilibadilisha adhuhuri usiiwashe seva upya, umeandika barua ukaisahau mfukoni.

Nilimkuta kijana mmoja hapa mjini, fundi wa tovuti ya chama cha akiba, ameongeza katika php.ini muda ambao programu inaruhusiwa kufanya kazi, kutoka sekunde 30 hadi 300, na ukurasa unakatika palepale.

"Mwanangu, iulize seva imesoma faili lipi," nikamwambia.

Akaandika phpinfo() na kuifungua kwenye kivinjari. Njia ya faili ilikuwa na neno apache2. Yeye alihariri lililo chini ya cli, la amri za mkono. Kwenye Debian na Ubuntu kila upande una faili lake.

"Kumbe, Mwalimu! Siku nzima nagonga mlango wa jirani."

Hata hivyo, kurefusha muda si tiba. Wakulima wa Mbeere mnajua: gari la muguka likimngoja anayechuma kwa kusuasua, mzigo wa wote hunyauka. Seva nayo ina nafasi za kuhesabika, na maombi yanayokawia yakizishika, wengine hubaki nje. Anayefuta kikomo ili kuficha uvivu wa programu yake anawadhulumu wageni wake. Atafute swali linaloichelewesha hifadhidata, alirekebishe. Tena ajue kwamba kwenye Linux zile sekunde 30 hazihesabu muda wa kuingoja hifadhidata, na seva ya Nginx ikiwa mbele ina saa yake: sekunde 60 za kimya, kisha kosa la 504.

Kwako unayewasilisha kesi, neno ni moja: ukurasa ukikatika, huenda seva imekwisha kupokea. Hakikisha kwanza kabla ya kulipa tena.

Juma lijalo: faili dogo la .user.ini.