Je, Wajua? Arigoni Ni Nzito Kuliko Potasiamu

Elementi hupangwa kwenye jedwali kwa idadi ya protoni zilizo katika kiini cha atomu, na kwa hiyo gesi ya arigoni, yenye protoni 18, huitangulia potasiamu, yenye protoni 19. Hata hivyo, uzito wa wastani wa atomu ya arigoni ni 39.95, ilhali ule wa potasiamu ni 39.10 tu.

Sababu imo katika isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni, kwa kuwa uzito unaoandikwa kwenye jedwali hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kila isotopu kwa sehemu yake katika maumbile, kisha kujumlisha majibu. Takriban asilimia 93 ya potasiamu ni potasiamu-39 na karibu asilimia 7 ni potasiamu-41, ilhali asilimia 99.6 ya arigoni iliyo hewani ni arigoni-40.

Wingi huo wa arigoni-40 umetokana na potasiamu-40, isotopu adimu yenye kiini kisicho imara, ambayo sehemu yake hugeuka arigoni polepole ndani ya miamba kwa mabilioni ya miaka. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyowawezesha wanasayansi, mwaka 1961, kupima umri wa matabaka ya volkano ya Bonde la Olduvai, Tanzania, na kukadiria kuwa fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lililogunduliwa na mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi.