Saruji Iliyoganda Mfukoni

Wasikilizaji wetu, katika vijiji vya Shinyanga na Geita mvua huanza yapata mwezi wa Novemba, na mara nyingi huikuta mifuko ya saruji imelazwa sakafuni ikimngoja fundi. Mvua zikiisha mwezi wa Mei, mfuko ukigongwa walia kama jiwe. Mwenyewe huona uchungu, maana saruji ni ghali na hutoka mbali. Kiwanda cha Wazo Hill huko Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1966, ki karibu kilometa 1,000 toka Shinyanga. Basi huuliza: Je, nikiitwanga na kuichanganya na saruji mpya, haitafaa?

Yatupasa kwanza kujua kwamba saruji haishiki kwa kukauka, kama udongo wa ukuta ukaukavyo. Hushika kwa kunywa maji na kugeuka kitu kingine, na kazi hiyo huifanya mara moja tu. Unyevu wa hewa na wa sakafu hupenya hata karatasi ya mfuko. Kweli, ndani ya chembe huweza kubaki saruji isiyofikiwa na maji, lakini ni kiasi gani, jicho haliwezi kupima.

Basi, tujaribu kwa vidole. Bonge likibanwa likawa unga, na lichekechwe, unga wake utumike upesi kwa kazi isiyobeba uzito, kama kupiga lipu. Bonge livunjwalo kwa nyundo si saruji tena. Lipondwe, likae mahali pa mchanga au kokoto, wala saruji mpya isipunguzwe hata kibaba. Mafundi wengine husema unga wake huharakisha zege kushika. Ni kweli, ukisagwa laini sana, kwa kuwa chembe zake huwa kama mbegu. Lakini unga huo hutaka maji mengi, na maji yakizidi zege hudhoofika.

Sisi tuliona katika shule moja kifuniko cha choo kilichofanywa kwa saruji ya kutwangwa. Kilipendeza. Mwezi wa pili kilipasuka, mtoto amesimama juu yake. Nondo ndizo zilizomzuia asitumbukie. Kwa hiyo kifuniko cha choo, linta ya mlango, pete ya kisima na msingi wa mashine ya kusagia mawe ya dhahabu havitaki ila saruji nzima.

Nayo saruji, hata ikiwekwa katika ghala la kawaida, huweza kupoteza sehemu 1 katika 5 ya nguvu zake kwa miezi 3. Mifuko ipangwe juu ya mbao zilizoinuliwa kwa mawe, mbali na ukuta, ifunikwe turubai, na uliotangulia kuingia utangulie kutoka.